Barua kwa sahibu yangu fundi: ile priampu ya valvu imeimba

Philadelphia, Jumapili usiku

Sahibu yangu fundi,

Salaam nyingi kutoka huku. Natumai wewe, mama watoto na mzee wetu mko salama, na duka linakwenda. Sisi hatujambo, ila baridi ndiyo inayotutesa.

Nimeona nikuandikie barua, maana haya hayaelezeki kwa sauti ya dakika mbili kwenye simu. Uliniuliza: kwa nini usitoe vitu vyote vya zamani ndani ya ile priampu ya valvu ukatia vipya, yakaisha? Siku ile sikuwa na jibu. Sasa kazi imekwisha, na jibu ninalo.

Chombo chenyewe ni Dynaco PAS-3 ya miaka ya 1960, priampu, yaani kinachopokea sauti ya santuri na kuikuza kabla haijafika kwenye ampea. Nilikipata kwa watoto wa mzee mmoja marehemu waliokuwa wakiuza vitu vya stoo, dola 40, na hakuna aliyejua kama kinawaka. Dynaco ilikuwa kampuni ya hapa hapa Philadelphia, ya akina David Hafler na Ed Laurent, na sifa yao ilikuwa kuuza vyombo vikiwa vipande. Unanunua sanduku lenye bodi, transfoma, waya na kitabu, unakwenda kuunga mwenyewe nyumbani. Hiki kiliungwa na mzee yule alipokuwa kijana. Nimejua kwa sababu kitabu chake kilikuja pamoja na chombo, na kila hatua kaitia alama ya penseli.

Ndani kuna bodi mbili, moja ya santuri na moja ya sauti ya kawaida, kila moja na valvu mbili (zile taa za kioo zinazokuza sauti) za 12AX7, ndizo zile zile unazoziita ECC83. Valvu ya tano ni 12X4, inayogeuza umeme uwe wa upande mmoja kwa ajili ya anodi, yaani sahani za ndani ya valvu. Vumbi lilikuwa limelala juu ya yote kama unga.

Sikukiwasha. Nilikumbuka mafunzo ya baba yako: chombo kilicholala miaka hakiamshwi kwa kofi. Nikatia balbu ya wati 40 kwa mfululizo na waya wa umeme, nikasimama na mkono mmoja mfukoni kama alivyotufundisha. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ujue ndani kuna shoti. Yangu ilimulika mara moja, ikafifia. Nilivuta pumzi. Valvu zikaanza kuwa nyekundu taratibu, na baada ya nusu dakika spika zikavuma mvumo mzito uliojaa chumba kizima, hata mke wangu akaja kuangalia.

Mvumo ule ulikuwa na wazazi wawili. Wa kwanza ni kapasita kubwa ya kopo, ile inayoweka chaji na kutuliza umeme, imekauka ndani. Hiyo haina mjadala, inatoka. Wa pili ni kile kipande cha seleni kinachogeuza umeme na kulisha nyuzi za moto za valvu. Seleni ikizeeka inapoteza nguvu, na siku ikiungua inatoa moshi wenye harufu mbaya ambao ni sumu kweli, kwa hiyo usiingoje. Nimeitoa, nikatia dayodi za silikoni zifanye kazi ile ile. Lakini hapa angalia sana, maana wengi wanaumiza valvu zao: dayodi mpya haipotezi volti nyingi kama seleni. Baada ya kubadilisha, mita ilisoma 13.8 kwenye miguu ya moto ya valvu inayotaka 12.6. Chombo kingeimba vizuri sana kwa muda, huku kathodi, zile sehemu za ndani ya valvu zinazopashwa moto, zikiliwa kimya kimya. Nikatia rezista ndogo ya waya ya kupunguza volti, nikabadilisha moja baada ya nyingine, hadi mita ikakaa 12.3. Hapo nikaridhika.

Sasa nikueleze kilichonichukua siku tatu. Upande wa kulia ulikuwa unakatika. Unasikiliza vizuri, ghafla kra-kra-kra, kisha kimya. Ukigonga bati kwa kidole, sauti inarudi. Nikabadilishana valvu kulia na kushoto, ubovu haukuhama. Nikapulizia dawa kwenye swichi na nobu, nikazizungusha mara hamsini, hakuna kitu. Nikapitia bodi kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu joto la valvu huwa linapasua risasi ya kulehemu kwenye soketi. Nikakuta mbili zimepasuka, nikazilehemu upya, na bado ikakatika.

Usiku wa tatu nikachukua kijiti cha kula cha Kichina, kikavu, nikaanza kusukuma waya mmoja mmoja huku santuri ikizunguka. Nilipofika kwenye mguu wa kati wa nobu ya sauti, kra-kra-kra. Nikazima, nikamaliza chaji ya kapasita, nikasogeza taa. Waya ule umepitishwa kwenye tundu la mguu, umekunjwa kwa koleo vizuri kabisa, na haujapata risasi hata tone. Miaka yote ile ulikuwa umejishikilia kwa mkunjo tu! Nikafungua kitabu cha mzee. Mtindo wao ni kutia herufi S kila mahali panapotakiwa risasi. Hatua ile ina S, na pembeni pana alama yake ya penseli. Labda aliitwa mezani, labda mtoto alilia. Nimeulehemu mimi, nikachukua penseli, nikatia alama yangu kando ya yake.

Ndiyo maana nakwambia, fundi: ningetoa kila kitu na kutia vipya kama ulivyosema, ubovu ungebaki pale pale, tena ningekuwa nimeongeza wangu. Huku wanauza mafurushi ya vipande vya kubadilishia chombo kizima, na watu wanabadilisha bila kupima. Mimi nilipima kwanza. Kapasita za kupitisha sauti kati ya valvu nilizifungua mguu mmoja mmoja nikatia mita. Mbili zilikuwa zinavujisha volti za anodi kwenda mbele, hizo zimetoka. Nyingine hazivujishi hata kidogo, zimebaki. Rezista za kaboni mbili za anodi zilikuwa zimepanda ukinzani, moja imeandikwa 100k (kiloomu 100) inasoma 134k; zimetoka pia. Basi. Waya wake wa umeme ulikuwa wa miguu miwili, nikatia wa mitatu wenye ardhi, na fyuzi.

Kulikuwa na shauri moja zaidi. Ampea yangu ya transista ilikuwa inameza besi yote. Si kosa la chombo. Valvu hizi hazina nguvu ya kusukuma mzigo mzito, na ampea ile mlango wake, yaani ukinzani wa pale sauti inapoingia, ni 10k tu. Piga hesabu mwenyewe: kapasita ya maikrofaradi 0.1 mbele ya 10k inaanza kukata chini ya hezi 159. Mbele ya 100k ni hezi 16. Nilishika pasi ya kulehemu nikitaka kuigeuza njia ya sauti kutokea kwenye priampu, kisha nikairudisha. Nimetafuta ampea nyingine yenye mlango wa 100k, na besi ikaja bila kukiharibu chombo cha watu.

Jana nimeiwekea zile santuri ndogo za 45 ulizonipa nilipoondoka, za lebo ya Mzuri, za Mombasa. Nyingi zina mikwaruzo, wajua. PAS ina swichi ya kuchanganya chaneli mbili ziwe moja, na santuri za mono, zilizorekodiwa kwa chaneli moja, ukizisikiliza hivyo mikwaruzo mingi inajifuta. Basi taishokoto, kile kinanda cha nyuzi cha taarabu, ikatoka, kila uzi peke yake, na nyuma yake nikasikia mtu anakohoa. Miaka yote ile hatukuwahi kumsikia!

Binamu yangu anakuja huko mwezi ujao. Nimempa kifurushi chako: dayodi, rezista za waya za wati 5, na valvu mbili za 12AX7 nilizozipima. Usitie chochote kabla hujanipigia. Na transfoma ya hicho chombo unachotaka kununua uiangalie kwanza. Ikiwa imeandikwa volti 120 tu, usiichomeke kwenye 240 ya huko hata kwa majaribio, na niambie nikutafutie transfoma ya kupunguza volti.

Santuri yenye kikohozi ni ile yenye pembe iliyomeguka. Angalia kama nakala yako ya pili bado unayo, uisikilize, uniambie kama huyo anayekohoa naye yumo.

Msalimie mzee.

Sahibu yako