Ile GPS uliyoniagiza

Oshkosh, Wisconsin
Alhamisi usiku

Sahibu yangu,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Nakuandikia nikiwa hemani, miguu inaniwaka kwa kutembea, na huko nje bado kuna mtu anapasha injini moto. Kazi uliyonituma nimeifanya. Siku mbili nzima nimezunguka mabanda ya EAA AirVenture, haya maonyesho makubwa ya ndege, nikishika GPS za mkononi, hii naiweka, ile naichukua. Kabla sijakueleza ipi ni ipi, nataka ujue jambo moja: nusu ya sifa zinazonadiwa hapa zinaishia Amerika Kaskazini. Usinunue kwa sababu ya sifa hizo.

Wauzaji karibu wote huanza na hali ya hewa. Anakuonyesha mvua ya radi imechorwa kwa rangi nyekundu na njano juu ya ramani, na ukiitazama unatamani kulipa papo hapo. Lakini picha ile inarushwa na minara ya ADS-B (mfumo wa redio ambao ndege hutumia kutangaza zilipo) iliyojengwa kote Marekani, au inatoka kwa huduma ya setelaiti ya SiriusXM ambayo ni ya huku huku. Kiwashe kifaa hicho hicho pale uwanja wa Wilson, Nairobi, ukurasa huo utabaki mtupu. Hata WAAS wanayojivunia, ule mfumo wa kusahihisha vipimo ulioanza kazi 2003, masahihisho yake hayahusu anga letu. Hilo lisikusumbue. Kwa sisi tunaoruka kwa macho, GPS ya kawaida inatosha kabisa tangu Marekani walipoacha kuivuruga kwa makusudi, Mei 2000.

Nilimuuliza kijana mmoja, “Na Kenya je?” Akasita, akaenda kumwita mkubwa wake. Yule mama alikuwa mkweli na alinisaidia sana. Alinieleza kuwa Garmin, wanaotengeneza vifaa hivi, wanagawa data zao kwa kanda, na vifaa vilivyo mezani hapa vimejazwa data ya Amerika. Afrika imo katika kanda wanayoiita Atlantic, pamoja na Ulaya. Kwa hiyo tukinunua, ni lazima tuhakikishe ni ya kanda hiyo, la sivyo utafungua ramani uione Wisconsin yote na Nanyuki usiione. Data ya viwanja na anga hutolewa upya kila siku 28, na gharama yake iweke kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Vile viwanja vya mbugani ambavyo havimo utaviingiza mwenyewe kwa latitudo na longitudo, kama tulivyokuwa tukifanya zamani.

Sasa vifaa vyenyewe. Nimelinganisha GPS mbili za Garmin: aera 660, yenye kioo cha inchi 5, na aera 760 ya inchi 7. Ndani ya banda, chini ya taa, 760 inakuvuta kwa ukubwa wake. Nikaomba tutoke nazo nje. Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama wima, nami nimevaa ile miwani yangu ya jua ya kurukia. Nikazishika zote mbili usawa wa kifua kama zilivyo usukanini, nikazigeuza polepole kushoto na kulia. Zote zilisomeka: majina ya viwanja, mistari ya anga, hata tarakimu ndogo za mwinuko. Kisha nikatoa tabuleti yangu begani nikaiweka katikati yao. Nilichokiona ni uso wangu na mawingu.

Utakuwa umeshakumbuka Lodwar. Mimi kila nikishika tabuleti naikumbuka. Tulikuwa tumekaa juani tukingoja mafuta, tukaruka, na hata dakika 20 hazijapita kioo kikazima na kuacha ile alama ya kipimajoto tu. Wewe ulitoa ramani ya karatasi chini ya kiti bila kusema neno, tukaufuata Mto Kerio kuelekea kusini. Tabuleti nyingi zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 35, na chini ya kioo cha mbele cha ndege joto hupita hapo hata kabla injini haijawashwa. Siwezi kukushauri uitegemee peke yake.

Sisemi uiache. Kwa kupanga safari na kusoma chati mezani, tabuleti inazishinda zote. Mpwa wako akikuletea iPad ya bei nafuu, mwambie ile ya Wi-Fi tupu haina GPS ndani. Ni lazima iwe ile yenye nafasi ya laini ya simu, au utafute kipokezi cha pembeni. Na ForeFlight, ile programu ya ramani za marubani ambayo watu hapa wanaizungumzia kutwa, haipo kwenye Android.

Kipokezi kimoja kilichonivutia ni Sentry. Hali ya hewa haitakuletea huko, lakini ndege zinazojitangaza kwa ADS-B kwenye masafa ya megahezi 1090 itazinasa moja kwa moja, kisha ina kihisi cha gesi ya sumu ya kaboni monoksidi. Wewe na hita ile ya ndege yenu asubuhi za Julai, nalifikiria sana jambo hilo. Kama pesa hazitoshi, nunua angalau king'ora cha gesi hiyo peke yake.

Uamuzi wangu ni 660. Tofauti ya bei ni kubwa: 660 ilipotoka 2016 iliuzwa dola 849, na 760 ilipotoka 2020 ilikuwa dola 1,599. Inchi mbili hazinishawishi kutoa pesa hizo, na katika Cessna 182 yenu kioo kikubwa kitakuzibia mojawapo ya saa za vipimo. Ramani ya milima inayogeuka nyekundu unapokuwa chini mno zote mbili zinayo, na hiyo ndiyo ninayoitaka uwe nayo wewe unayepita Aberdare mawingu yakiwa yamekaa mgongoni mwa milima. Betri itegemee kwa saa chache tu, kwa hiyo tutanunua na waya wa umeme wa ndegeni.

Jana jioni nilikwenda Fisk, kijiji kilicho jirani, kuangalia ndege zikiingia. Zinafuata reli kutoka Ripon, moja nyuma ya nyingine, na waongozaji wamesimama kilimani na darubini wakiziita kwa rangi na aina: tikisa mabawa. Rubani hajibu kwa redio, anatikisa tu. Nilimwona mzee mmoja kwenye ndege ndogo ya Cub ya njano akitikisa mpaka nikahofu. Ningependa sana siku moja tuje pamoja.

Maonyesho yanafungwa Jumapili. Nipimie nafasi iliyo katikati ya usukani wako, pia kipenyo cha mhimili wake, unitumie kabla ya Jumamosi mchana ili ninunue na kishikizo chake hapa hapa. Disemba nikija Mombasa nitakuja nayo kwenye begi la mkononi.

Wako,
sahibu yako wa Minnesota