Mwanangu Kulwa, sato wapo, ila pumzi hawana

Mwanangu Kulwa,

Ujumbe wako nimeupata. Nyungunyungu umetoa ukaweka ugali, ugali umetoa ukaweka panzi, na boya halitikisiki. Chambo hakina kosa, na majirani usiwasingizie wizi. Sato wamo bwawani. Kinachowafunga midomo ni upungufu wa oksijeni.

Piga hesabu kwanza. Bwawa lina mita 20 kwa 10. Lilipojaa masika kwa kina cha mita 1.2, lilikuwa na mita za ujazo 240. Leo maji yanakufika magotini, tuseme sentimita 40; zimebaki 80, tena pungufu, maana kingo zimelala. Sato 400 wamebanana mara tatu, na kinyesi chao vilevile. Kina kidogo nacho hupata joto upesi. Maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7 na nusu, na Mwanza, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hubeba pungufu ya hapo. Usijilinganishe na wanaovua Igombe au Kayenze. Kule upepo na mawimbi ya ziwa huyachanganya maji kila siku.

Ule ukijani ni mwani. Jua likiwaka hutoa oksijeni. Usiku huivuta, ukishindana na samaki na matope yanayooza. Ndiyo maana oksijeni huwa chini kabisa alfajiri, saa ileile unayoshika ufito. Ikishuka chini ya miligramu 3, sato hupoteza hamu, kwa kuwa hata kumeng'enya chakula kunataka oksijeni. Ukiwakuta wamepanga midomo juu ya maji wakitwetea, usitupe mshipi, acha kuvua.

Pima hivi: zamisha mkono wima, kiganja umekikunja kitazame juu. Kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwikoni, mwani umezidi. Maji yakiwa ya kahawia kipimo hicho hakifai. Hapo ng'ombe wanaingia, na tope linazuia jua. Ziba njia yao.

Samadi unayotia bwawani simamisha leo. Pumba nazo punguza hadi wanachomaliza kwa robo saa, na asubuhi wakitwetea usiwape kabisa. Wengi hufanya kinyume: samaki hali, wao wanaongeza pumba, pumba zinaoza chini na kula oksijeni iliyobaki. Hilo ndilo linaloua bwawa, kiangazi hakina lawama kubwa. Kisha punguza samaki: kwenye saa tatu asubuhi pitisha kokoro, ule wavu wa kukokota, mara moja, toa 150 wakubwa, basi. Ukirudia unavuruga tope, na gesi mbaya ya chini inapanda. Maji ya kisima huja na oksijeni kidogo, kwa hiyo yaangukie juu ya mawe kutoka urefu wa mita moja, usiku kuelekea alfajiri, yasizidi theluthi ya bwawa kwa siku.

Kuvua, nenda saa kumi hadi kumi na mbili jioni. Oksijeni bado iko juu na joto limeanza kupungua. Siku ya mawingu mazito pumzika, mwani haukufanya kazi. Tupa karibu na bomba la kutolea maji, ndipo penye kina. Ndoano namba 12 au 14 (namba ikipanda ndoano inapungua), mshipi wa milimita 0.20, chubwi moja ndogo, boya la kipande cha bua, chambo nusu ya punje ya mahindi. Keti mita tatu nyuma ya ukingo. Usisimame juu ya tuta. Kwenye maji haya mafupi kivuli chochote kwao ni mnandi au korongo. Majike wengine usiwahesabu: wanaolea mayai na vifaranga mdomoni karibu wiki mbili, hawali kitu au hula kidogo sana.

Kitoweo kikihitajika upesi, mtafute kambare usiku. Yeye huvuta hewa ya juu, shida hii haimgusi sana. Ndoano namba 4, nyungunyungu fungu zima, chambo kilale chini.

Mvua za kwanza za vuli zisikufurahishe haraka. Maji baridi yanayotiririka na samadi ya zizini yanaweza kuwaua wote usiku mmoja. Chimba mfereji wa kuyakinga upande wa zizi sasa, ardhi ingali kavu.

Kesho jioni nitumie kina cha maji na kipimo cha kiwiko. Msalimie Doto.

Mama yako