Kabla hujamkorogea mtoto juisi ya pakiti, soma nyuma ya pakiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu juisi za unga, zile ambazo wazazi huwakorogea watoto wakirudi kutoka shule na wauza barafu huzigandisha kwenye vifuko. Tangu Julai 2023 mitandao imejaa maneno kwamba sukari bandia, ambayo mara nyingi imo katika pakiti hizo, inaleta saratani. Hofu hiyo imeelekezwa mahali pasipostahili. Kwa mtoto, la kuangalia ni kilo zake na kiasi cha maji yaliyotumika kukoroga.

Nianze na hiyo saratani tuimalize. Mwezi huo IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliiweka aspatemu, mojawapo ya sukari bandia hizo, katika kundi la 2B, maana yake ushahidi upo lakini ni hafifu. Dondoo la jani zima la mshubiri limo katika kundi hilohilo, na mshubiri tunaunywa kwa jina la dawa bila wasiwasi. Wakati huohuo JECFA, kamati ya wataalamu wa WHO na FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) inayopima viongezwa vya chakula, iliacha kiwango cha aspatemu palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Soda isiyo na sukari ikiwa na miligramu 200 hadi 300 kwa kopo, mtu wa kilo 70 atalazimika kunywa makopo 9 hadi 14 kwa siku moja ndipo akivuke.

Sasa mchukue mtoto wa kilo 15, wa miaka mitatu au minne hivi. Kilo zake zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki, huna haja ya kukisia. Aspatemu (namba 951), mwisho wake ni miligramu 600 kwa siku. Asesulfemu K (950) na sukralozi (955), kila moja 225. Saiklameti (952), 165. Sakarini (954), 75 tu. Namba hizo hutanguliwa na herufi E au INS katika orodha ya viambato, na zinasaidia kwa kuwa majina yenyewe huandikwa kwa herufi za kusomea kwa miwani, mara nyingi kwa Kiingereza.

Ya kuangalia zaidi katika pakiti za bei ya chini ni saiklameti. Marekani hairuhusu itiwe kwenye chakula tangu 1970. Umoja wa Ulaya unairuhusu, ila ukomo wake katika vinywaji ni miligramu 250 kwa lita. Piga hesabu: hata kwa ukomo huo wa Ulaya, mtoto wetu wa kilo 15 anafika mwisho wa siku yake akinywa mililita 660, yaani vikombe viwili na nusu. Siku ya joto la Dar es Salaam au Mombasa mtoto anavimaliza kabla ya magharibi. Na hiyo ni kama imekorogwa kwa maji yaliyoandikwa. Pakiti ya lita 2 ikikorogwa kwenye jagi la lita 1, kama inavyofanyika sana "ili ikolee", mwisho wake unashuka hadi mililita 330. Barafu ni tatizo zaidi, kwa sababu ulimi uliopoa hauhisi utamu vizuri, hivyo mtengenezaji huongeza unga hadi barafu nayo iwe tamu.

Viwango hivi vimewekwa kwa mtu atakayekula kitu hicho kila siku maisha yake yote, tena kwa kawaida ni sehemu moja ya mia ya kipimo ambacho hakikuwadhuru wanyama wa maabara. Mtoto aliyezidisha Jumamosi ya sherehe hajanywa sumu. Anayenisumbua ni yule anayekorogewa jagi kila siku ya wiki.

Kuna anayesema, "Yangu haina hivyo, ina sukari kidogo tu." Tazama uzito. Pakiti ya gramu 30 inayotengeneza lita 2, hata ingekuwa sukari tupu, inatoa gramu 15 kwa lita. Soda ya kola ya kawaida ina takriban gramu 106 kwa lita. Kama juisi hiyo ni tamu kama soda, utamu umetoka kwingine. Embe lililochorwa mbele ya pakiti mara nyingi ni harufu na rangi.

Vitamu bandia vikiwa chini ya kiwango bado si kinywaji cha mtoto. Tindikali ya limau inayotiwa kwenye unga huo inamomonyoa meno, sukari iwepo isiwepo, hasa mtoto akinyonya chupa kutwa nzima. Tumbo likijaa maji matamu, uji na maziwa vinakataliwa. Mei 2023 WHO ilishauri vitamu bandia visitumike kudhibiti uzito, isipokuwa kwa watu ambao tayari wana kisukari. Mwaka huohuo, katika mwongozo wake wa ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23, ilisema wasipewe vinywaji vyenye sukari wala vitamu bandia. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake.

Basi wanywe nini? Maji safi kwanza. Maziwa au mtindi usiotiwa sukari, kikombe kimoja au viwili kwa siku. Dafu likipatikana. Tunda mpe alitafune. Juisi halisi ya matunda nayo ina sukari nyingi, na madaktari wa watoto wa Marekani tangu 2017 wanashauri isizidi mililita 120 kwa siku kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, na chini ya mwaka asipewe kabisa. Asali chini ya mwaka mmoja ni marufuku, kwa hatari ya sumu ya botulini.

Ukwaju unafaa kuchukua nafasi ya pakiti. Loweka gramu 100 za ukwaju uliomenywa katika nusu lita ya maji ya moto kwa dakika 30, uvuruge, chuja, kisha ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka ifike lita 1. Tia vijiko 10 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa. Kijiko kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Cha mlima kinaweza kubeba karibu mara mbili, na hapo ndipo hesabu za nyumbani huharibika. Kila wiki punguza kijiko kimoja hadi vibaki 5. Ukishusha kwa mkupuo mtoto atakataa, na jirani mwenye pakiti yuko hatua kumi tu. Kwenye vijiko 5, glasi ya mililita 200 ina gramu 4 za sukari uliyoongeza, wakati soda ya kiasi hicho ina 21. Ukwaju nao una tindikali, kwa hiyo anywe wakati wa chakula, si kutwa.

Ubuyu ni rahisi zaidi: vijiko vitatu vya chakula vya unga mweupe kwa lita ya maji yaliyopoa. Usiuchemshe, moto unapunguza vitamini C. Ule mwekundu wa kumung'unya umepakwa sukari na rangi, haufai kwa kazi hii. Ukinywewa pamoja na maharage, vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, ndiyo maana haifai mezani kwa mtoto.

Mahali pawili kukosea ni hatari ya papo hapo. Mtoto anayeharisha asipewe juisi ya pakiti badala ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na glukozi wa kurudisha maji mwilini), wala unga huo usichanganywe na ORS ili "ashawishike kunywa". Chumvi hupenya ukuta wa utumbo ikisaidiwa na glukozi, na vitamu bandia haviwezi kazi hiyo. Na mtoto wa kisukari ambaye sukari imeshuka, anatetemeka na kutoka jasho, soda isiyo na sukari haimsaidii chochote. Mpe ya kawaida: mililita 150 zina gramu 16 hivi za sukari, kwa mdogo theluthi hadi nusu yake, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Kwa TBS, shirika la viwango la Tanzania, na wenzao wa KEBS wa Kenya nina maombi mawili. Pakiti iandike kwa Kiswahili, upande wa mbele, miligramu za kila kitamu bandia katika lita moja iliyokorogwa, maana orodha ya majina bila kiasi haimwezeshi mzazi kupiga hesabu niliyoipiga hapa. Na pakiti isiyo na tunda ndani isiruhusiwe kuchora tunda nje.

Mdau wa lishe,
Morogoro