Malindi tulikuwa chini ya Goa, mbona hatuambiwi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwa gazeti lenu manake hili jambo linanikaa rohoni. Mie ni Mkatoliki wa hapa Malindi, kazi yangu kutembeza wageni, na juzi nilikuwa na watoto wa skuli pale kanisa dogo la Wareno, lile la makuti, mtoto mmoja akauliza askofu wa kwanza wa hapa alikuwa nani, mwalimu wake akajibu mbio: Baldacchino. Sasa mwalimu hajakosea, Jimbo la Malindi lilikatwa kutoka Mombasa mwaka 2000 na Francis Baldacchino, mtawa wa shirika la Wakapuchini kutoka Malta, ndiye aliyeanza nalo, Mungu amrehemu. Lakini jamani, hilo kanisa walilokuwa wamesimama ndani yake ni la karne ya 16! Miaka hiyo askofu alikuwa nani?

Askofu alikuwa Goa, India, kituo kikuu cha Wareno. Jimbo la Goa liliundwa miaka ya 1533 na 1534, na eneo lake lilianzia Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika likazunguka pwani yetu yote hadi Uchina, yaani mtu mmoja amekaa Goa na sisi wa Malindi ni kondoo wake, na barua ingoje msimu wa pepo. Askofu wa kwanza kukaa huko alikuwa João de Albuquerque, mtawa wa shirika la Wafransisko, alifika 1538. Ni wakati wake mmisionari Fransisko Ksaveri alipita hapa, 1542, akiwa njiani kwenda Goa, akamzika baharia mmoja hapa Malindi na akazungumza na Waislamu wa mji, na kwenye barua yake ameandika mzee mmoja alimlalamikia kwamba misikiti ni 17 lakini inayosaliwa ni mitatu tu. Mie hiyo barua naipenda sana, manake unaona watu wa dini mbili wamekaa wanaongea habari za ibada kupoa, kama tunavyoongea leo barazani.

Mwaka 1558 Papa Paulo wa Nne akaipandisha Goa ikawa jimbo kuu, askofu mkuu wa kwanza akawa Gaspar de Leão. Kwa hivyo kabla Mombasa haijawa jimbo kuu 1990, sisi tulishakuwa chini ya jimbo kuu jingine zaidi ya miaka 400 nyuma. Msumbiji ilitengwa na Goa 1612, ikapata uongozi wake.

Lakini askofu mkuu ambaye kila mtu wa pwani angefaa kumjua ni Aleixo de Menezes. Huyu alikuwa mtawa wa shirika la Waagustino, aliingia Goa 1595, na miaka miwili baadaye Waagustino wakafungua nyumba yao Mombasa. Tena 1607 hadi 1609 akawa pia gavana wa Wareno huko, kanisa na serikali mkononi mwa mtu mmoja, na hapo ndipo shida ilipo kwa maoni yangu, manake watu wetu hawakuweza kutofautisha padri na mwanajeshi.

Angalia Yusuf bin Hasan. Ni wa ukoo wa wafalme wa Malindi waliohamishiwa Mombasa, babake aliuawa 1614 kwa njama za Wareno, mtoto akapelekwa Goa, Waagustino wakamlea, wakambatiza Jerónimo, akarudi kutawala. Agosti 1631 akageuka, akamuua kapteni ndani ya Ngome ya Yesu, na Wakristo waliokataa kuikana imani wakauawa, wakiwemo Waafrika. Kesi ya kuwatangaza wale waliouawa kuwa mashahidi wa imani ilifunguliwa wapi? Goa, mwaka uliofuata. Skuli tunafundishwa upande mmoja wa hadithi hii na kanisani upande mwingine, mie nataka zote mbili zisemwe, huyo kijana alidhulumiwa na wale waumini pia walidhulumiwa. Ngome ilipoangukia Waomani 1698 mambo ya Goa hapa yakafifia, na karne ya 19 Kanisa liliporudi tukawekwa chini ya Unguja.

Ombi langu kwa wanaohusika na lile kanisa, wekeni ubao wa Kiswahili hapo mlangoni. Majina ya maaskofu kuanzia Albuquerque, Gaspar de Leão, Menezes, mpaka Baldacchino na Emanuel Barbara na Askofu Willybard Lagho tuliye naye sasa, pamoja na jina la Yusuf bin Hasan. Na waandike pia kwamba Ksaveri, aliyemzika baharia hapa, mwili wake mwenyewe uko Goa hadi leo, katika kanisa la Bom Jesus. Wale watoto wanarudi muhula ujao na mwalimu wao ameniomba nimwandikie hayo majina, nishampa kwa karatasi.

Msomaji wenu,
Malindi