Hiyo suruali msiiwashe

Kaka Shabani,

Salamu nyingi. Huku wazima wote, mama anakusalimia, na Mwinyi anasema ile spika yako ataileta mwisho wa mwezi. Mwezi gani, hakusema. Nimeona niandike barua, maana ujumbe wa sauti wewe unasikiliza robo halafu unajibu "poa kaka", na hili si la poa kaka.

Dula kaniambia mnapiga muvi na wale vijana wa sarakasi. Mapigano ya Kithai, bila kamba, bila ujanja wa kompyuta. Hapo nikafurahi. Kisha akaniambia pigo la mwisho Side, steringi wenu, anawashwa suruali, apige teke miguu ikiwaka, kama Tony Jaa, yule steringi wa Kithai, kwenye muvi ya Ong-Bak, na petroli lita mbili imeshanunuliwa. Shabani, mengine yote tutaelewana, hata ukitaka nikae nawe usiku kucha tupange mapigo. Hiyo suruali msiiwashe.

Najua utasema Wathai wamefanya. Wamefanya, ndiyo. Ila unachokipenda kwenye zile muvi sidhani kama ni moto.

Fikiria Ong-Bak ilipotoka mwaka 2003. Watu walikwishazoea steringi anayening'inizwa kwa nyaya, anapaa juu ya paa kama kipepeo. Akaja kijana mmoja kutoka Surin, familia ya wafuga tembo, hana waya, hana wa kumwangukia badala yake. Hadithi yenyewe mtoto wa darasa la pili anaielewa: wezi wamekata kichwa cha sanamu ya Buddha kijijini, kijana anakwenda Bangkok kukirudisha. Ndiyo maana kwenye kibanda umiza hata DJ wa kutafsiri akilala hakuna aliyepotea. Halafu ile mbio ya uchochoroni! Anapenya katikati ya vioo viwili vilivyobebwa, anapita ndani ya duara la seng'enge, anateleza chini ya gari amepasua msamba. Na kila akifanya la ajabu, wanakurudishia, unaliona tena kwa upande mwingine.

Hapo kwenye kurudia pana siri, tena siri ya watu wenye bajeti ndogo. Mtazamaji akiona tukio kwa upande mmoja tu, moyoni anasema wamekata, wameunga. Ukimwonyesha kwa pembe ya pili, hana pa kukimbilia, ni kama shahidi wa pili mahakamani. Na mpigaji picha naye anafaidi, maana mtu amehatarisha mgongo wake mara moja, wewe umeondoka na picha tatu. Dula anasema mna kamera moja na simu mbili. Basi zote tatu ziwake kwa pamoja: moja mbele, moja ubavuni, moja chini kabisa usawa wa magoti. Msimwambie kijana aruke mara tatu kwa ajili ya kamera moja. Mruko wa tatu ndio wa kifundo cha mguu, kwa sababu miguu imechoka na kichwa kinadhani kimeshazoea.

Cha pili ni zile silaha nane za mapigano ya Kithai. Ngumi mbili, viwiko viwili, magoti mawili, na miundi miwili, ule mfupa wa mbele ya mguu. Muvi za kareti watu wanapigana wakiwa mbali, teke linakuja kutoka barazani. Kiwiko na goti havifiki mpaka mkumbatiane. Kwa hiyo kamera inalazimika kuwaweka wote wawili ndani ya picha moja, nyuso zikionekana, na mtazamaji anahisi kile kishindo kwenye meno yake mwenyewe. Tena Jaa na mwalimu wake, Panna Rittikrai, hawakuchukua ndondi za ulingoni peke yake. Walirudi kwenye Muay Boran, mchezo wa zamani, wa kabla ya glovu, mikono inafungwa kamba. Humo ndimo kinamotoka kile kiwiko cha kushuka kutoka juu, mtu anaruka kama anadaka embe halafu anamshukia mwenzake utosini.

Hicho najua Side anakitaka. Mfanyeni hivi. Ncha ya kiwiko haimgusi mtu, kinachogusa ni upande wa nyama wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, na kinatua juu ya bega karibu na shingo, si kichwani. Chini ya shati la mpigwaji wekeni kipande cha godoro la sponji, unene wa vidole viwili. Mpigwaji ndiye anayeuza pigo: magoti yake yalegee papo hapo mkono unapogusa, akichelewa nusu sekunde anaonekana anajifikiria kama ameumia. Kamera ikae chini, mbele, kidogo upande wa bega ambalo halipigwi. Ikikaa upande linapotua pigo, kila mtu ataona bega. Fanyeni polepole mara ishirini kwa kuhesabu kwa sauti, kisha nusu mwendo mara kumi, ndipo mwendo kamili. Na wavae nguo pana. Unadhani kwa nini wale maadui wa Kithai wanavaa masuruali makubwa na makoti? Chini yake wamejaza pedi.

Watu wanamsifu Jaa, na anastahili, lakini mimi nasema nusu ya utamu ni wapigwaji. Panna alikuwa na kundi lake kutoka Khon Kaen, vijana wa kuanguka, kazi yao kuanguka, wanaanguka pamoja miaka na miaka. Mtu wa namna hiyo anajua mwenzake akivuta pumzi ni kwamba anaruka. Tazama Born to Fight ya 2004, ile ya kijiji kilichotekwa: wamewachukua wanamichezo wa kweli, mcheza jimnastiki, mtu wa taekwondo, mpira, mpaka wa sepak takraw, ule mchezo wa kupiga mpira kwa miguu juu ya wavu. Ile sehemu ya malori mtu anaanguka katikati, tairi la lori la pili linapita karibu na kichwa chake. Hiyo sikuandikii ili muige! Nakuandikia kwa sababu ukiitazama vizuri utaona kuna kitu kinachezewa pale ambacho hakina mzaha, na mimi mwenyewe sijui kama nafurahi au…

Tuiache. Tuje kwenye Tom-Yum-Goong, ya 2005, maana Dula anasema mnataka na ile ya ngazi. Jaa anapanda mgahawa ghorofa kwa ghorofa, kamera inamfuata mgongoni karibu dakika nne, haikatwi hata mara moja. Iliyoingia kwenye muvi ni mara ya tano. Na kurudia si kubonyeza kitufe tu, kila mara milango iliyovunjwa inarudishwa, mitungi inapangwa upya, na mbeba kamera awe amepata pumzi. Kuna mara moja kijana alitakiwa atupwe chini kutoka juu, godoro lilikuwa halijafika mahali pake, wakasimamisha kila kitu. Hapo ndipo nataka uinamie, Shabani. Mtu yuko katikati ya pigo, mkanda unakwenda na fedha zinakwenda, na bado akaona godoro halipo. Kwenu nani anaangalia godoro? Nauliza kweli. Asiwe mpiga picha, huyo macho yake yako kwenye kioo. Asiwe wewe, wewe unaangalia kama Side anaonekana mtanashati. Apatikane mtu mmoja, kazi yake hiyo tu, na neno lake la "simama" hata mtoto akilisema watu wasimame.

Kwa kuanguka kutoka kwenye lile banda, maboksi. Ombeni madukani maboksi matupu ya saizi moja, ya kama sentimita 45 kila upande, ng'oeni pini zote. Yasifungwe kwa gundi kubana, na kateni pembe ili hewa ipate pa kutokea. Boksi lililobana hewa linakurusha kama mpira. Kwa kimo cha mita 3 msipungue tabaka mbili, katikati ya tabaka mlaze makaratasi magumu, juu godoro jembamba na turubai, halafu zungusheni kamba nje rundo lote lisisambae. Lipite mtu kwa mita moja kila upande. Aangukie mgongo wote kwa pamoja, kidevu kifuani, mikono wazi. Akitanguliza miguu, inatoboa maboksi na magoti yake yanakutana na pua yake. Boksi likishaangukiwa limekufa, wekeni jingine. Na maboksi ya kulala nje kwenye umande msiyaguse. Wahenga walisema vinavyoelea vimeundwa, na vinavyoanguka vilevile.

Sasa narudi kwenye suruali, usidhani nimesahau.

Jaa mwenyewe alisimulia: suruali ilipowashwa, moto ulipanda haraka kuliko alivyodhani, ukamla nyusi, kope na pua. Na huyo ni mtu aliyejiandaa, ana kundi limemzunguka. Moto unapanda juu, na wewe unapiga teke, mguu uko juu ya kiuno, kwa hiyo umeuelekeza mwenyewe usoni. Nyinyi mna petroli. Kinachowaka kwenye petroli ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini uani bila kuuona. Mtu akiwasha kiberiti kwa Side, anaweza kuwa amewasha na kopo lililo pembeni. Tena Side anavaa traki za nailoni, nailoni inayeyuka, inaganda kwenye ngozi. Ukiivuta inakuja na ngozi.

Mkitaka moto, chukueni karai, matambara, mafuta ya taa kidogo, si petroli. Liwekeni karai mita mbili mbele ya Side, kamera irudi nyuma kabisa upande wa pili wa moto, mvute zumu ya kamera, si ya simu. Zumu ndefu inabana umbali, karai na mguu vitaonekana mahali pamoja, teke litapita ndani ya moto na hata Side hatasikia joto. Ndoo mbili za mchanga, blanketi lililolowa, na yule mtu wa "simama". Upepo ukianza, zimeni.

Kabla hamjapiga chochote, wakusanye vijana uwaonyeshe Chocolate ya 2008, ya yule binti JeeJa Yanin. Pale kiwanda cha barafu anapiga na kelele za Bruce Lee, wataangua kicheko, na waambie Bruce Lee naye alipiga muvi yake The Big Boss hukohuko Thailand, Pak Chong. Lakini msizime majina yanapoanza kupita mwishoni. Hapo wameweka picha za watu walioumia kweli wakati wa kupiga. Side aone, na mama yake kama yupo aone. Ile ya 2013, Tom Yum Goong ya pili, waonyeshe siku nyingine, wajue nyaya na kompyuta zikiingia utamu unavyopotea, mtu yuleyule, mateke yaleyale, na hakuna anayepiga mluzi.

Sasa nijibu, tena kwa maandishi: petroli iko wapi saa hizi? Side ana umri gani, na nyumbani kwao wanajua? Banda lile lina kimo gani, mmelipima au mmekadiria kwa macho? Maboksi mmepata mangapi? Chini ni udongo au saruji? Hospitali ya karibu mnafikaje, na bodaboda ya nani? Dula kasema mnapiga Jumamosi, Jumamosi ipi? Nikija na basi la Ijumaa nitalala kwako au kwa Bi Zaituni? Na Mwinyi nije naye, au mpaka alete spika?

Ndugu yako,
Hamisi