Kupima uzito wa kisichoonekana

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu Neema,

Dagaa na mgebuka nimempa shangazi yako, anapanda treni kesho. Kampokee stesheni hapo Tabora. Sasa nikujibu: kitu kisichoonekana kinapimwaje uzito?

Unakumbuka usiku wa giza ulivyokuwa ukitazama taa za wavuvi? Mtumbwi huuoni, lakini taa ikiwa chini karibu na maji, inayumba taratibu, unajua umejaa. Shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu, lenye mvuto mkali hata mwanga hautoki, lilipimwa kwa namna hiyo. Nyota iitwayo S2 hulizunguka kwa miaka 16 hivi, na mwendo wake ukafichua uzito wa shimo hilo: sawa na Jua kama milioni 4. Reinhard Genzel na Andrea Ghez walipata Nobeli mwaka 2020 kwa kazi hiyo.

Mimi, mwanangu, nyota za nyutroni ndizo zinazoninyima usingizi. Ni mabaki ya nyota kubwa zilizolipuka: nzito kuliko Jua, upana kilomita 25 tu. Ukiiweka moja kati yetu na milima ya Kongo, boti zingepita pande zote mbili (kwa ukubwa nasema, maana mvuto wake usingeacha boti wala ziwa).

Darubini ya eksirei iitwayo NICER, iliyopelekwa Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2017, imepima kadhaa. Moja ina uzito wa Jua 1.4 hivi, nyingine inazidi 2 kidogo. Gunia la dagaa ukilipandishia jingine, la chini hubonyea. Ungetegemea basi ile nzito iwe imebonyea zaidi. Wapi! Zote mbili, kutoka kitovuni hadi juu, ni kilomita 12 au 13. Humo ndani kuna kitu kinachokataa kukandamizwa, na nadharia zinazosema kiini chake ni laini mno zimekosa pa kusimama.

Shimo jeusi halitoi habari za namna hiyo. Ukishajua uzito wake na kasi linavyojizungusha, huna la kuuliza tena kuhusu lilichomeza.

Ila mashimo meusi yakigongana! Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO, Marekani, inayonasa mawimbi ya mvuto, ilinasa mtikisiko wa mashimo mawili, la uzito wa Jua kama 36 na la 29, yakaungana kuwa moja la 62. Jumlisha uone. Jua 3 zilizopungua ndizo zilizogeuka mawimbi yaliyotufikia. Hesabu hii nimeiandika nyuma ya daftari la mauzo, na nafasi ya hesabu zako nimeiacha wazi. Ukija likizo tuiendeleze.

Mama yako