Namba ya kwenye kasha isitufumbe macho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno kwa vijana wa hapa Mbeya, na nasikia hata Iringa wapo, ambao siku hizi wananunua kwa simu sarafu za dola ya Marekani za madini ya fedha zilizopimwa daraja la ubora na kufungiwa katika makasha ya plastiki, kisha mwaka haujaisha wanataka kuziuza ili wapate zenye daraja la juu zaidi. Mimi ni mhasibu mstaafu, nimekusanya sarafu hizo kwa miaka kumi na minane, na kosa ninalotaka kulieleza nimelifanya mwenyewe.

Kwa msomaji aliye mgeni wa mambo haya, daraja hutolewa kwa kipimo cha 1 hadi 70, ambacho William Sheldon alikitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za zamani, na baadaye kikatumiwa kwa sarafu zote za Marekani. Kampuni mbili zinazoaminiwa zaidi, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, hupokea sarafu, huikagua, huifungia ndani ya kasha gumu na kuliandika namba yake. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikuzunguka mikononi mwa watu. Lakini kutozunguka si kutoguswa. Dola za Morgan, ndizo hizi ninazozizungumzia (jina ni la mchoraji wake), zilizotengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904 na tena 1921, zilitiwa elfu moja moja katika mifuko, na kwa kuwa kila moja ina gramu 26.73, mfuko mmoja ulikaribia kilo 27. Mifuko hiyo ilitupwa, ikaburutwa, ikarundikwa, na sarafu zikachubuana humo humo. Shavu la yule mwanamke aliyechorwa ndilo linaloonyesha zaidi, maana limetuna na ni laini, halina nywele wala herufi za kuficha mkwaruzo.

Sasa kosa langu. Nilikuwa na dola ya 1884 yenye herufi CC, yaani ya kiwanda cha sarafu cha Carson City, ikiwa na daraja la 64. Nikaona aibu ya 64. Nikaiuza pamoja na nyingine mbili, nikaongeza akiba, nikanunua ya mwaka ule ule na kiwanda kile kile yenye 65, kutoka kwa muuzaji ambaye nilichokiona kwake ni picha tu. Mpwa wangu alinibebea hadi Dar es Salaam, ikapanda basi hadi huku. Usiku niliishika chini ya taa ya mezani, nikaigeuza polepole. Ile niliyoiuza, ukiigeuza, mwanga ulikuwa ukikimbia kuizunguka kama maji yaliyotikiswa ndani ya sahani. Hii mpya michubuko yake ilikuwa michache kweli, lakini mwanga ulilala pale pale, kijivu, kama sufuria iliyooshwa ikaachwa bila kufutwa. Wapimaji hawakukosea sana. Aliyekosea ni mimi, niliyenunua tarakimu moja kwa gharama ya sarafu tatu.

Tangu hapo, kabla ya kubadilisha chochote, naangalia kwanza mng'aro, kisha namna nyundo ya kiwanda ilivyoshuka na kuichapa picha. Dola nyingi za New Orleans, zenye herufi O, zimechapwa hafifu juu ya sikio la yule mwanamke, nywele hazionekani vizuri na kifua cha tai wa upande wa pili kiko bapa, hata kama daraja ni zuri. Za San Francisco za 1879 hadi 1882 kwa kawaida zimekaa sawasawa, kila unyoya unahesabika, na bado zipo nyingi. Anayeanza afundishie jicho lake hapo. Kutoka 63 hadi 65 katika dola ya 1881 ya San Francisco ni hatua ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuipanga na asijutie.

Wala idadi iliyotengenezwa isimdanganye mtu. Hiyo ya 1884 ya Carson City ilitengenezwa 1,136,000 tu, lakini sehemu kubwa ililala katika hazina ya serikali hadi ilipouzwa kwa wananchi miaka ya 1970, kwa hiyo safi hazikosekani. Ile ya 1901 ya Philadelphia ilikaribia milioni saba, na bado kuipata ambayo haikutumika ni kazi ngumu, na hatua moja ya daraja kwake yaweza kumeza kiinua mgongo chote. Ikumbukwe pia kwamba sheria ya Pittman ya mwaka 1918 ilifanya dola za fedha zaidi ya milioni 270 ziyeyushwe, na hakuna aliyeandika kwa kina ni za miaka ipi.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi ya yote. Kijana mmoja wa Mwanjelwa aliniletea rupia ya Mjerumani, yenye uso wa Kaisari, ameisugua kwa majivu na limau mpaka inameremeta, akidhani ameiongezea bei. Chini ya lenzi uso wote ulikuwa na mistari myembamba ya kwenda upande mmoja. Dola ya Marekani iliyofanyiwa hivyo hairudi na namba safi: wapimaji huandika kwenye kasha kwamba imesafishwa, na bei inaanguka. Weusi wa fedha ya zamani uachwe ulivyo.

Na makasha hayo hayazuii hewa kabisa. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili zinajulikana, kwa hiyo ninayaweka ndani ya sanduku la bati pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, mbali na moshi wa mkaa. Uniwie radhi, Mhariri, lakini karatasi ya gazeti nayo huifubaza fedha; gazeti lako nalisoma, silifungii dola.

Makasha ya kughushi nayo yapo, hivyo namba ya cheti iliyo kwenye kasha (si ile ya daraja) ilinganishwe kwenye tovuti ya kampuni, na ikiwa kuna picha, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Nilikuwa na dola 31, leo ninazo 11, na ile ya 65 ya Carson City nimeshaiuza kwa hasara. Natafuta tena 64. Kijana anayetaka kuziona hizo 11 kabla hajauza zake anakaribishwa Jumamosi yoyote mchana, ila aje na lenzi yake, maana yangu imeingia ukungu.

Mhasibu mstaafu,
Forest ya Zamani, Mbeya